Maswali ya Wasomaji: Kilwa, Mawe Yake na Maji Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza Kilwa. Tumezipanga kwa safari ya mtu anayetoka Mtwara au Lindi, na katikati tumeingiza moja ya Mikindani kwa kuwa ukuta wa msomaji huyo hauwezi kungoja toleo lijalo.

Nikitoka Mtwara alfajiri, naweza kuzunguka Kilwa Kisiwani na kurudi siku hiyohiyo?
*Mnunuzi wa korosho, Mtwara mjini*

Kwa gari lako, ndiyo, ila utaona nusu na kurudi usiku. Kwa basi usijaribu. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110, na kutoka Lindi bado zipo zaidi ya 150 kufika njia panda ya Nangurukuru. Hapo ndipo unaposhuka. Ukimwambia kondakta "nashuka Kilwa" umemwachia fumbo, maana Kilwa ni tatu: Kivinje, mji wa zamani ulio pwani karibu na njia panda, Masoko, makao ya wilaya, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka barabara kuu, na Kisiwani kwenyewe, ng'ambo ya Masoko. Mwambie Nangurukuru, kisha panda Hiace au Noah ya Masoko. Lala Masoko usiku huo, uvuke asubuhi.

Kabla ya kwenda gatini, pita ofisi inayosimamia magofu hapo Masoko ukate kibali. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Malipo ya serikali siku hizi ni ya namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Muda mwingi hupotea hapa kuliko baharini: watu wanafika gatini, wanaelewana bei na nahodha, halafu wanarudishwa mjini kutafuta risiti. Kibali kwanza, boti baadaye. Kuvuka kwa boti ya injini hakuzidi robo saa, ukipanda ya tanga utafuata upepo.

Jambo la pili ni maji, na hili wasafiri wa bara hulisahau kabisa. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani siku mbili hivi baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Ukivuka saa nne, boti itasimama mbali na ufuko nawe utashuka majini na viatu mkononi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi, tena tofauti ya kina ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi hesabu siku za mwezi kabla ya kuhesabu nauli. Kwa Kisiwani ni usumbufu tu, lakini kwa Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ndiyo safari yenyewe, maana huko unapita katikati ya mikoko na tope, na mwenye boti asiyesoma maji atakwama nawe saa kadhaa.

Miezi ya mvua ulizia barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na abiria wakalala njiani.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kilwa ilijengwa na Washirazi. Mjukuu wangu anasema hiyo ni hadithi tu. Nani mkweli?
*Mzee msomaji, Rutamba, Lindi*

Shikamoo mzee. Kila mmoja ameshika upande wake.

Habari ya Washirazi imetoka katika tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Mreno João de Barros naye alichapa simulizi inayofanana nayo mwaka 1552. Inasema Ali bin al-Hasan alikuja na majahazi kutoka Shirazi, akamkuta mtawala mwenyeji, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwenyeji akahamia bara kwa nia ya kurudi na jeshi maji yakipwa, kwani wakati huo, inasema tarehe, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali akachimba mlango wa bahari ukawa na kina, na yule hakurudi tena.

Jembe la wachimbaji linaanza mapema zaidi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1960 na kukuta, chini ya majengo ya mawe, tabaka za watu waliokaa pale kabla: nyumba za miti na udongo, uvuvi, ufuaji wa chuma, vyungu vya kienyeji. Mji ulikuwapo, wakazi walikuwapo, na ukoo wa kitawala ukaja juu yao.

Ila mjukuu asifurahi sana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, ya Kilwa na Songo Mnara yakiwemo, ulikuta kwa wengi wa waliozikwa upande wa kike ukiwa karibu wote wa Kiafrika, na upande wa kiume ukiwa na asili kubwa ya Kiajemi, uchanganyikaji wenyewe ukianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo wageni walikuja kweli, wakaoa kweli. Ila mji waliukuta.

Nina saa nne tu kisiwani. Nianzie wapi?
*Muuguzi, Nachingwea*

Anzia mbali. Wengi hushuka, wakaanza na Gereza, ile ngome, kwa kuwa liko mbele ya macho, wakachelewa hapo kwa picha, na wanapofika Husuni Kubwa, jumba la sultani, jua limeshawachosha. Husuni Kubwa iko kama kilomita moja na nusu mashariki mwa Msikiti Mkuu, juu ya jabali linalotazama bahari. Iendee ungali na nguvu, kisha rudi polepole kuelekea gatini.

Husuni Kubwa ilijengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ina vyumba zaidi ya 100, ua wa chini uliozungukwa na ngazi, hodhi la kuogea lenye pembe nane, na upande wa kusini ua mkubwa wenye vyumba vya kuhifadhia bidhaa. Hayo ya kusini yatazame vizuri, kwani ndiyo yanayoeleza fedha ilitoka wapi. Kilwa iko karibu na mwisho wa safari ambayo jahazi la Uarabuni liliweza kufika kwa kaskazi moja na kurudi kwa kusi. Dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, ilibidi ipite mikononi mwa Kilwa. Aliyekuwa na bandari hii alikuwa na ushuru. Jumba lenyewe halikumalizika kujengwa, na halikukaliwa muda mrefu.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kazi hiyo ikiendelea au ndiyo kwanza imesimama. Alimsifu sultani kwa ukarimu, lakini kuhusu mji aliandika kwamba ni wa miti. Wasomaji hushangaa, na hawana haja. Mawe yalikuwa ya msikiti, ya jumba na ya matajiri, na watu wengine walikaa nyumba za fito na udongo ambazo hazikuacha gofu. Unapotembea kisiwani, nafasi tupu kati ya magofu nazo zilikuwa mitaa.

Ukirudi, toa saa nzima kwa Msikiti Mkuu. Ingia, elekea kibla, ambayo huku kwetu iko kaskazini. Sehemu hiyo ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au ya 12, ndogo, iliyokuwa na paa bapa. Sasa geuka kusini: hapo ndipo msikiti ulipopanuliwa kwa kuba na matao. Upanuzi wa kwanza ulisimamishwa juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kutoka tumbawe zima, na ukaporomoka. Uliojengwa upya katika karne ya 15 ukatumia nguzo nene za pembe nane, zilizojengwa kwa mawe madogo na chokaa, na hizo ndizo bado zinabeba. Tumbawe ni jepesi na lina vitundu. Linachongeka vizuri likiwa limetoka majini, lakini nguzo nyembamba ya tumbawe chini ya kuba zito ni kujitafutia msiba. Mafundi walijifunza, na somo lao unaweza kuligusa kwa mkono.

Msikiti mdogo wa kuba uko hatua chache kusini magharibi. Kwa macho yetu ndio mzuri kuliko wote pale, na ndio uliobaki mzima zaidi. Makutani, jumba lenye ukuta wa pembe tatu, lipitie ukiwa na muda. Gereza maliza nalo: Wareno walijenga ngome mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha mwaka 1512, na unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la enzi za Waomani, miaka ya 1800 hivi.

Kofia, maji lita mbili kwa mtu, viatu vya kufunga. Usipande juu ya kuta.

Ndugu yangu aliyeko Italia amenitumia picha za mji mdogo uitwao San Gimignano. Minara ya zamani imesimama hadi leo. Yetu kwa nini imeanguka?
*Msomaji, Mtama*

Ulinganisho mzuri, hasa kwa kuwa miaka inalingana kabisa. San Gimignano, mji wa Toscana, ulimaliza mnara wake mkubwa, Torre Grossa wenye mita 54, mwaka 1311. Ndiyo miaka ambayo Husuni Kubwa ilikuwa ikianza. Nao walitajirika kwa njia: mahujaji wa kwenda Roma walipita mlangoni kwao, na wao wakauza zafarani. Matajiri wakashindana kwa minara hadi mwaka 1255 sheria ya mji ikakataza mtu binafsi kuzidi urefu wa mnara uitwao Rognosa. Husemwa minara iliwahi kufika 72. Imebaki 14.

Minara hiyo ilibaki kwa sababu ya umaskini. Tauni ya mwaka 1348 iliua watu wengi, mwaka 1353 mji ukawa chini ya Firenze, biashara ikahamia kwingine, na hapakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga vipya. Lakini watu hawakuhama. Waliendelea kukaa humo, na mwenye nyumba huziba paa.

Kilwa nayo ilipoteza biashara. Ila wakazi wengi walihamia bara, na nyumba ya mawe ya pwani isiyo na mtu haichukui muda. Dari zetu zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hutawala hata upana wa chumba: haivuki sana mita mbili na nusu au tatu, ndiyo maana vyumba vya Songo Mnara na Kisiwani ni virefu na vyembamba. Juu yake ziliwekwa mawe na chokaa, sakafu nzito. Paa likianza kuvuja, maji hufuata ncha ya boriti ndani ya ukuta, ncha huoza, boriti moja huachia, na tani za mawe hushuka pamoja. Kisha ukuta hauna kifuniko, mvua huingia kwa juu na kuosha chokaa ya katikati, na mbegu ya mti huota kwenye ufa. Mzizi humaliza kazi.

Ongeza bahari inayokula ufuko. Unesco iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikayahamishia orodha ya hatari mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kukarabati kuta, kusafisha miti na kuzuia mawimbi, ikiwemo kupanda mikoko. San Gimignano haina mawimbi wala chumvi hiyo.

Nimerithi nyumba ya mawe ya babu Mikindani. Tulipiga lipu ya saruji nje na ndani, na sasa inabanduka vipande vipande na ukuta una unga mweupe. Fundi anasema tuongeze saruji. Ni sawa?
*Msomaji, Mikindani*

Si sawa. Usiongeze hata karai moja.

Ukuta wa babu yako ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unafyonza maji kutoka ardhini, nao hutakiwa kuyatoa hewani. Saruji hufunga njia hiyo. Maji yenye chumvi hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na kila yanapokauka nyuma ya lipu huacha chumvi. Chumvi hiyo ikishaganda huvimba na kuisukuma lipu, nayo hubanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Unga mweupe ndio chumvi yenyewe.

Fanya hivi, kwa kufuata mpangilio. Kwanza paa na mifereji, maana hakuna chokaa inayoponya nyumba inayovuja. Angalia ncha za boriti zinapoingia ukutani: choma kwa bisibisi, ikizama boriti imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi na nguzo za kushikilia kabla ya jambo lolote. Pili, bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, kidogo kidogo. Ikigoma mahali fulani, iache kwanza, usivunje jiwe. Tatu, uache ukuta upumue, ikiwezekana kiangazi kizima. Unga utaendelea kutoka, nawe uufagie ukiwa mkavu. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani.

Chokaa ya kuchoma matumbawe mabichi ya baharini achana nayo, miamba ile ndiyo mazalia ya samaki. Nunua chokaa ya mifuko ya kujengea, isiyo na saruji. Mimina chokaa kwenye pipa la maji (siyo maji kwenye chokaa), koroga hadi iwe nzito kama mtindi, ifunike kwa maji vidole viwili, ikae angalau wiki mbili. Ikikaa zaidi ni bora zaidi. Vaa glavu na miwani, kwani tone moja jichoni linaweza kuharibu jicho. Ukipata chokaa mbichi ya tanuri isiyozimwa, mwachie anayeijua: ikikutana na maji huchemka.

Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni, wa chembe kali. Wa pwani una chumvi, na utakuwa umenunua ugonjwa uleule. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kupiga. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na la pili lisubiri wiki moja au zaidi. Mafundi wengi hushindwa hapa: chokaa haikauki kama saruji, hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu, ikihitaji unyevu. Ikipigwa na jua la saa saba hunyauka, hupasuka na kuwa vumbi. Tundika magunia mabichi mbele yake siku nne au tano. Mwisho pakaa niru, yaani chokaa nyepesi ya kupaka, mikono mitatu au minne myembamba. Rangi ya plastiki usiiguse, nayo hufunga ukuta.

Kabla ya yote hayo, pita halmashauri uulize idhini, maana majengo ya kale yana sheria yake.

Kilwa Kivinje kuna nini cha kutazama? Tunapita tu kila mara.
*Dereva wa lori, Lindi*

Kuna mji wa karne ya 19 unaochakaa polepole: boma la Wajerumani mbele ya bahari, milango ya nakshi, soko, mitaa myembamba. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa na pembe za ndovu na watumwa. Uliza Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, Maji Maji ilianzia milima ya Matumbi, wilaya hiyohiyo, kwa kung'oa pamba. Saa mbili zinatosha, na kona ya kuingilia iko palepale Nangurukuru. Lori liache barabarani, mitaa haiko tayari kwa lori.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 wa kidato cha pili Kisiwani. Nahitaji nini?
*Mwalimu wa historia, Masasi*

Barua ya shule kwa ofisi ya magofu wiki mbili kabla, ikitaja idadi, na orodha ya majina. Boti mbili au zaidi, kila mtoto na jaketi lake la kuokolea limefungwa kabla ya injini kuwaka. Nahodha akikwambia wengine watayavaa ng'ambo, tafuta nahodha mwingine. Chagua siku za maji mafu ili kupanda na kushuka kusiwe vita.

Ukifika, wagawe makundi manne ya kumi, kila kundi na mwalimu wake, na uyazungushe kwa zamu. Arobaini kwa pamoja ndani ya Msikiti Mkuu hawasikii lolote, na walio nyuma hupanda kuta.

Waambie mapema kuhusu vigae na sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu ya vina pande mbili. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtoto akiona moja atatamani kuitia mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu, na kuna sababu ya maana kuliko adhabu: sarafu au kigae kikiondolewa pale kilipolala hakimwambii tena mchimbaji ni cha tabaka gani. Akiona kitu, asimame hapohapo, asikiguse, amwite kiongozi wa msafara.

Chakula kileni Masoko kabla ya kuvuka. Maji ya kunywa yabebeni yote kutoka bara.